Jaji wa Maonyesho ya Mbwa na Wajibu wa Kutoa Sababu

Maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kisasa yalifanyika Juni 1859 mjini Newcastle upon Tyne, Uingereza. Yalikuwa na mbwa wapatao 60 wa aina mbili tu, Pointer na Setter, wote mbwa wa mawindo, na washindi walituzwa bunduki. Jambo ambalo halijasahaulika kuhusu maonyesho hayo linawahusu majaji: mmoja wa waliowahukumu Pointer ndiye aliyekuwa mwenye Setter aliyeshinda, na mmoja wa waliowahukumu Setter ndiye aliyekuwa mwenye Pointer aliyeshinda. Huenda mbwa hao walistahili, kwa kuwa watu waliojua mbwa wazuri ndio waliokuwa nao, na ndio hao hao waliofaa kuitwa majaji. Lakini orodha ya washindi peke yake haiwezi kumwonyesha msomaji wa leo kama kilichoshinda ni umbo la mbwa au ni hisani ya mtu kwa mwenzake.

Tangu hapo vyama vya mbwa vimejenga ngazi ndefu ya kumfikisha mtu kwenye ujaji. The Kennel Club ya Uingereza iliundwa mwaka 1873, American Kennel Club, inayojulikana zaidi kama AKC, ikafuata mwaka 1884, na mwaka 1911 Ujerumani, Austria, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi zikaanzisha shirikisho la kimataifa la FCI, ambalo makao yake yako Thuin, Ubelgiji. Kila chombo kina masharti yake ya kumpata jaji, na masharti hayo si mepesi. Hoja yangu ni kwamba ugumu huo umewekwa mlangoni zaidi kuliko ndani. Tunajua mengi kuhusu yale aliyoyasomea jaji kabla ya kuidhinishwa, lakini tunajua machache mno kuhusu kwa nini, siku fulani, alimchagua mbwa huyu akamwacha yule aliyesimama kando yake. Kiwango cha kitaaluma cha kazi hii kinapaswa kupimwa kwa sababu anazozitoa jaji, kwa maandishi, mbwa mmoja baada ya mwingine.

Mlango wenyewe si wa kudharauliwa. Kwa miaka mingi AKC ilimtaka mtu anayeomba kuhukumu mbari (yaani aina ya mbwa) yake ya kwanza awe na uzoefu wa miaka 12 katika mchezo huu, awe amezalisha na kulea angalau mizao mitano ya mbari moja, na kutokana na mizao hiyo wawe wamepatikana mabingwa wanne. Juu ya hayo alipaswa kuwa amefanya kazi ya karani wa uwanja, amehukumu mashindano madogo yasiyo na pointi za ubingwa, na amefaulu mitihani ya kanuni, ya anatomia na ya mbari anayoiomba. Njia ya FCI hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa kuwa chama cha kila nchi ndicho kinachowafundisha na kuwaidhinisha majaji wake, lakini masomo ya msingi ni yale yale: umbile na mwendo wa mbwa, jenetiki, afya, tabia, viwango vya mbari, na mbinu za kuhukumu. Baada ya mtihani wa kuandika, mwanafunzi huingia uwanjani chini ya jaji mwenye uzoefu, huwakagua mbwa wale wale anaowakagua mwalimu wake, huandika ripoti yake mwenyewe, kisha huikabidhi isomwe na kulinganishwa.

Sharti la kuzalisha mbwa huwashangaza walio nje ya mchezo huu, kwani mtu anaweza kujua kiti kizuri bila kuwa seremala. Sharti hilo lina mantiki yake. Mzalishaji ameona watoto wa mbwa waliokuwa wa kutumainiwa wakiwa na majuma manane, wakaja kuharibika walipofikisha mwaka. Anajua kwamba mbwa aliyenenepa kupita kiasi leo anaweza kuwa sawa mwezi ujao, na kwamba manyoya yaliyopukutika hurudi, lakini bega lililosimama wima, likishaingia katika ukoo, huwasumbua wazalishaji kizazi baada ya kizazi. Ujuzi huo humpa uzito wa makosa, yaani humwonyesha lipi la kupita na lipi la kukaa, na hakuna kitabu kinachoufundisha kwa ukamilifu.

Hata hivyo sharti hilo lina upande wa pili ambao vyama huuzungumzia kwa sauti ya chini. Mtu aliyezalisha mizao mitano na kutoa mabingwa wanne ni mtu aliyenunua mbegu ya dume la fulani, aliyemuuzia fulani kijibwa, aliyeshindwa na fulani kwa miaka kumi, na aliyekula chakula cha jioni na hao wote baada ya kila onyesho. Siku anapoidhinishwa, hao ndio wanaoingia uwanjani wakimshikilia mbwa mbele yake. Mchezo unaodai kwamba jaji lazima atoke miongoni mwa washindani umedai pia, hata kama haukukusudia, kwamba jaji awe na maslahi. Wahenga walipotoa mfano wa kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere hawakuwa wakizungumzia mbwa, lakini wangeelewa tatizo hili haraka.

Kuhusu ukarani wa uwanja nitasema machache. Karani huita namba, huhakikisha nani yupo na nani hayupo, hukabidhi utepe, huangalia saa. Kazi hiyo haina sifa, na wengi huitimiza ili tu wajaziwe fomu. Anayeitumia vizuri hujifunza humo jambo ambalo mtihani haugusi: jinsi jaji mzoefu anavyoupanga uwanja ili kila mbwa asimame penye ardhi sawa na mwanga ule ule, na jinsi anavyokataa kubadilisha utaratibu kwa ajili ya mtu anayemjua.

Kwa nadharia, jaji hamlinganishi mbwa na mbwa mwenzake. Humlinganisha kila mbwa na kiwango cha mbari yake, yaani maelezo yaliyoandikwa ya mbwa kamili wa mbari hiyo, na yule anayekikaribia kiwango zaidi ndiye anayeshinda. Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu kiwango ni kurasa chache za maneno, na mengi ya maneno hayo ni ya kadiri: kifua kirefu bila kuwa kipana mno, mifupa imara bila kuwa mizito. Watu wawili waaminifu wanaweza kusoma sentensi moja na kuona mbwa wawili tofauti.

Chukua mfano wa Rhodesian Ridgeback, mbari ya kusini mwa Afrika. Kiwango chake cha awali kiliandikwa Bulawayo mwaka 1922 na F. R. Barnes, akitumia kile cha Dalmatian kama msingi, kikaidhinishwa na chama cha mbwa cha Afrika Kusini mwaka 1926. Dume linatakiwa kuwa na kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani, na jike 61 hadi 66. Alama ya mbari hii ni ukanda wa nywele mgongoni unaoota kuelekea mbele, kinyume na nywele nyingine zote. Huanzia mara tu baada ya mabega, hupungua upana kadiri unavyokwenda nyuma hadi usawa wa nyonga, na huwa na vizingo viwili vya nywele vinavyofanana na kutazamana, ambavyo kingo zake za chini hazipaswi kushuka zaidi ya theluthi moja ya urefu wa ukanda wote.

Sasa, kuhesabu vizingo ni jambo ambalo mtoto wa shule anaweza kulifanya. Jaji mchanga hukimbilia huko kwa sababu hiyo hiyo, kwani mbwa mwenye vizingo vitatu ana kosa linaloonekana, lisilobishaniwa, na kumshusha hakuhitaji ujasiri wowote. Lakini kiwango hicho hicho kinataka mbwa aliyelingana, mwenye nguvu na wepesi, anayeweza kuvumilia safari ndefu kwa kasi ya kutosha. Je, mbwa mwenye ukanda kamili na bega bovu, anayechoka kabla ya adhuhuri, anakikaribia kiwango kuliko mwenzake mwenye kizingo cha ziada na mwendo wa kupendeza? Kiwango hakijibu kwa namba. Jaji ndiye anayejibu, na hapo ndipo anapotakiwa kueleza alivyopima.

Na kuna jambo zito zaidi ndani ya mfano huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mabadiliko ya kijenetiki yanayoleta ukanda huo ndiyo yanayowaweka mbwa hao katika hatari ya kuzaliwa na tundu la ngozi mgongoni, ambalo wakati mwingine huzama hadi karibu na uti wa mgongo. Kwa muda mrefu watoto waliozaliwa bila ukanda waliuawa na baadhi ya wazalishaji, ilhali kwa ugonjwa huo wao ndio waliokuwa salama zaidi. Jaji hana mamlaka ya kukifuta kiwango. Ana wajibu, hata hivyo, wa kujua gharama ya kile anachokituza, na ndiyo maana somo la jenetiki haliwezi kuwa pambo la mtaala.

Ukaguzi wenyewe, ukitazamwa kwa karibu, ni kazi ya mikono kuliko wengi wanavyodhani. Jaji humtazama mbwa kwanza kutoka mbali, ubavuni, apate mchoro wa umbo zima kabla hajazama kwenye sehemu. Kisha humwendea kwa mbele, mkono ukionekana, bila kumwinamia kwa ghafla. Huanza kichwani: macho, masikio, kinywa. Mbwa mzima ana meno 42, na katika mbari nyingi meno ya juu yanatakiwa kuyapita kidogo ya chini na kuyagusa, kama makali ya mkasi. Mkono hushuka shingoni hadi begani, na hapo ndipo vidole vinapofanya kazi ambayo jicho haliwezi, kwa sababu mbwa mwenye manyoya mengi anaweza kuchongewa bega kwa mkasi wa mtunzaji, likaonekana limelala vizuri kumbe chini ya nywele mfupa umesimama. Halafu kifua na kina chake, mbavu, kiuno, paja, kifundo cha mguu wa nyuma. Kwa dume, korodani zote mbili lazima ziwe zimeshuka mahali pake. Mbwa wadogo hukaguliwa juu ya meza, wakubwa chini.

Baada ya hapo mbwa hutembezwa. Hupelekwa moja kwa moja na kurudi, ili jaji aone kama miguu ya nyuma inafuata mstari wa ile ya mbele, kisha huzungushwa uwanjani ili aonekane ubavuni. Mwendo unaotumika ni wa mchakamchaka, kwa sababu ndio unaofichua kutolingana kwa mbele na nyuma. Mbwa anayekimbia kwa kasi huficha mengi. Waongozaji, yaani wanaowashika na kuwatembeza mbwa uwanjani, wanalijua hilo. Mwongozaji hodari ataongeza kasi kidogo pale ambapo mbwa wake ana hatua fupi, na ataivuta kamba juu ili miguu ya mbele iliyolegea isigonge ardhi vibaya. Jaji anayeijua kazi yake husema kwa upole, “Legeza kamba, rudia taratibu,” na katika mzunguko huo wa pili mara nyingi hukumu hugeuka.

Yote hayo hufanyika kwa muda mfupi. Ratiba za AKC kwa kawaida huhesabu mbwa 25 kwa saa, yaani chini kidogo ya dakika mbili na nusu kwa kila mmoja, pamoja na muda wa kuwapanga na kugawa tepe. Kanuni za FCI huweka mbwa 20 kwa saa, na pale ambapo ripoti ya kila mbwa inaandikwa, jumla ya siku nzima huwa mbwa 80. Anayetaka kuwa jaji na ajiulize kwanza kama miguu na mgongo wake vitamruhusu kumgusa mbwa wa 80 kwa makini yale yale aliyomgusa nayo wa kwanza.

Vyama havikulala kuhusu maslahi. Kanuni za FCI zinamkataza jaji kuomba mwaliko wa kuhukumu, zinamkataza kusafiri kwenda kwenye maonyesho pamoja na washiriki atakaowahukumu, na zinamkataza kuitazama katalogi kabla ya kuhukumu au wakati wa kuhukumu, kwa kuwa katalogi ndiyo yenye majina ya wamiliki na wazazi wa mbwa. Haruhusiwi kumhukumu mbwa aliyemmiliki, aliyemtunza au aliyemuuza ndani ya miezi sita iliyotangulia, wala mbwa wa mwenzi wake au wa mtu anayeishi naye nyumba moja. Uvutaji wa sigara, pombe na simu ya mkononi havina nafasi uwanjani. Ni kanuni nzuri. Naona udhaifu wake uko katika jambo moja: zote zinazuia kile kinachoweza kuonekana. Katalogi inaweza kufungwa, lakini uso wa mwongozaji mashuhuri hauwezi kufichwa, na mbwa ambaye picha zake za ushindi zimetangazwa katika magazeti ya mchezo huu kwa mwaka mzima huingia uwanjani akiwa amekwisha kutajwa mshindi vichwani mwa watazamaji.

Katika mchezo huu watu hulalamika kwamba jaji fulani huhukumu ncha ya kamba isiyo ya mbwa, maana yake anamtazama aliyeshika kamba kuliko aliyefungwa kamba. Lawama hiyo hutolewa mara nyingi na walioshindwa, kwa hiyo ipokelewe kwa tahadhari. Waongozaji wa kulipwa hushinda sana kwa sababu halali pia: huchagua mbwa wazuri na huwaonyesha vizuri. Kinachonisumbua ni kwamba, mahali ambapo jaji hatoi sababu, hakuna njia ya kumtenganisha anayemtuza mbwa mzuri wa mtu mashuhuri na anayemtuza mtu mashuhuri. Matokeo yao yanafanana, na utepe ni ule ule.

Mifumo ya dunia inaachana hapa. Katika maonyesho ya AKC jaji haandiki ripoti ya kila mbwa. Huonyesha kwa kidole, hutia alama na sahihi kwenye kitabu cha hukumu, na mbwa wanaofuata wanaingia. AKC huwatuma wawakilishi wake kuwatazama majaji, hasa wapya, na kuzungumza nao kuhusu walichokiona, jambo lenye manufaa, ila mazungumzo hayo hayamfikii aliyemleta mbwa. Uingereza imekuwa na desturi ya jaji kuandika maelezo ya washindi baada ya onyesho, na wa chini hawaambiwi kitu. Katika nchi nyingi za FCI, hasa za bara la Ulaya, kila mbwa hupewa daraja lake mwenyewe, kuanzia bora kabisa, nzuri sana, nzuri na ya kutosha, hadi kuondolewa mashindanoni au kutoweza kuhukumiwa, pamoja na ripoti ambayo jaji humsomea mwandishi palepale uwanjani, mbwa akiwa bado mbele yake.

Ripoti zenyewe hazina thamani sawa. Kuna ile inayosema: “Dume zuri la miaka mitatu, kichwa kizuri, mwili mzuri, anatembea vizuri.” Ripoti hiyo ingeweza kuandikwa na mtu aliyekaa mgahawani. Na kuna ile inayosema: “Dume la miaka mitatu lenye kichwa cha kiume na macho meusi, shingo inayoungana vizuri na mgongo ulionyooka, mkono wa juu ni mfupi na umesimama, kwa hiyo hatua ya mbele haifiki mbali, ingawa msukumo wa nyuma ni wa nguvu, nzuri sana.” Hii ya pili ina kosa, sababu na matokeo yake katika mwendo, na daraja linafuata kutokana na hayo. Mwenye mbwa anaweza kwenda nyumbani na kumtafutia jike wake dume lenye mkono wa juu mrefu zaidi. Mzalishaji mwingine anaweza kuisoma na kukubali au kubisha. Na chama kikizipanga ripoti za jaji mmoja kwa mwaka mzima kinaweza kuona jambo ambalo hakuna mtihani wa mlangoni unaoweza kulifichua: kama kosa lile lile humshusha mbwa wa mgeni daraja moja, na likiwa kwa mbwa wa mwongozaji maarufu halitajwi kabisa.

Mwaka 2008 mjadala huu ulitoka nje ya mduara wa wenye mbwa. Agosti mwaka huo BBC ilionyesha filamu kuhusu magonjwa ya mbwa wa mbari nchini Uingereza, na mwaka uliofuata haikurusha tena Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya nchi hiyo. The Kennel Club ilirekebisha viwango vya mbari nyingi Januari 2009, kisha ikaleta ukaguzi wa madaktari wa mifugo kwa washindi wa mbari 15 zilizohesabiwa kuwa na matatizo makubwa zaidi. Crufts ya 2012, ambako ukaguzi huo ulianza kutumika, iliwashuhudia washindi sita kati ya 15 wakikataliwa na daktari na kuzuiwa kuendelea kwenye shindano la kundi, miongoni mwao Bulldog na Pekingese.

Wamiliki wengi walikasirika, na sehemu ya hasira yao ilikuwa na msingi, maana mbwa alikuwa amekwisha kutangazwa mshindi hadharani kabla ya kuondolewa. Hata hivyo swali ambalo halikuulizwa vya kutosha lilihusu majaji. Jaji aliyeidhinishwa, mwenye miaka mingi ya uzoefu, alikuwa amemtazama mbwa huyo na kumwona bora kuliko wote wa mbari yake siku hiyo. Ama hakuliona tatizo, ama aliliona akaliona dogo, ama aliliona kubwa lakini wenzake wote walikuwa nalo kwa kiasi kikubwa zaidi. Hali hizo tatu zinahitaji tiba tatu tofauti: ya kwanza inahitaji mafunzo, ya pili kurekebisha mizani ya jaji, na ya tatu inaihusu mbari nzima na wala si jaji. Tuliambiwa tu kwamba daktari amemkataa. Miaka minne baadaye, Crufts ya 2016, mshindi wa mbari ya German Shepherd mwenye mgongo ulioinama sana kuelekea nyuma alizua kelele kama hizo, na mjadala ukakwama pale pale.

Nchi za Nodiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya, zilichukua njia ambayo naiona kuwa na busara zaidi. Uswidi ilianza mwaka 2009 kuwapa majaji maelekezo maalumu ya mbari zilizo katika hatari ya kutiwa chumvi kimaumbile, kwa mfano pua zilizobanwa, ngozi iliyokunjana kupita kiasi au macho yasiyofunikwa vizuri, na kuwataka waripoti walichokiona. Baadaye vyama vya Nodiki vikaunganisha nguvu katika kazi hiyo. Tofauti na ukaguzi wa daktari, maelekezo hayo hayamsubirishi mbwa hadi ashinde ndipo atolewe. Yanamweka jaji mwenyewe mbele ya jambo hilo akiwa bado na mkono juu ya mbwa, na yanamdai neno lililoandikwa. Wajibu unabaki kwa mwenye mamlaka.

Wapinzani wa ripoti za maandishi wana hoja zinazostahili kujibiwa. Wanasema zinachelewesha, na ni kweli: mbwa 80 kwa siku ni wachache kuliko 175 ambao AKC imewaruhusu majaji wake, na onyesho lenye majaji wengi zaidi lina gharama kubwa zaidi. Wanasema pia kwamba jaji akialikwa katika nchi ya mbali atasoma ripoti kwa lugha yake ya tatu, mbele ya mwandishi anayeielewa nusu. Hilo nalo ni kweli, na ripoti mbovu za kimataifa zinathibitisha. Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa faraghani: jaji anayeandika wazi kwamba bingwa wa mwenye nguvu ana bega bovu hataalikwa tena. Kwangu mimi hoja hiyo ya tatu inaunga mkono ripoti kuliko kuipinga. Kama mwaliko hutegemea ukimya, basi wanaoalikwa sana wamechujwa kwa ukimya wao, na chama kinachoidhinisha majaji kina sababu ya kuingilia kati, kwa mfano kwa kuzifanya ripoti zilizoandikwa vizuri kuwa kigezo cha kumwongezea jaji mbari nyingine, badala ya kuhesabu idadi ya maonyesho aliyoyahukumu.

Kuna jaribio moja la ziada ambalo ningelipenda liingizwe katika mafunzo. Jaji ana haki ya kutotoa tuzo. Cheti cha CACIB, kinachohesabiwa kuelekea ubingwa wa kimataifa wa FCI, hakimfuati mshindi wa kwanza moja kwa moja, na jaji asiyemwona mbwa wa hadhi hiyo anaweza kukizuia. Kwa AKC vilevile jaji anaweza kuuzuia utepe, na ajabu ni kwamba huko, ambako hadaiwi maelezo ya mbwa aliyemshindisha, anadaiwa kuandika kitabuni kwamba ameuzuia. Mwanafunzi awekwe mbele ya mbwa wanne wa wastani ambao hakuna anayestahili, wamiliki wao wakiwa wamesafiri usiku kucha na watazamaji wakisubiri kupiga makofi, kisha aachiwe aamue. Akigawa tuzo, asome kwa sauti sababu za kumpa mshindi wake. Akizuia, amwandikie kila mmoja wa wanne hao kile kilichopungua, kwa maneno ambayo mwenye mbwa anaweza kuyatumia atakapochagua dume msimu ujao.